Mtoto Niliyemnyonyesha Parkingi

Wanaosema nimetunga, waache waseme. Mimi ndiye niliyemshika, na ni mwili wangu unaonuka hadi leo.

Ilikuwa ile miezi ambayo esansi, yaani petroli, ilikosekana mjini, magari yamelala. Tulikuwa parkingi, kule Rohero, juu ya kile kibaraza cha simenti wanapopandia mabasi ya Ngagara, tumepanga mstari tangu mchana. Jua likazama, basi hakuna. Nyumbani nilikuwa nimemwacha mwanangu mchanga kwa mama mkwe, na maziwa yalikuwa yamenijaa mpaka blauzi imelowa.

Mbele yangu alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, amemfunika kitenge mpaka kichwani. Mama mwenyewe msafi, ananukia sabuni. Akageuka.

"Dada, unishikilie mutoto kidogo, niende kujisaidia."

Wewe ungekataa? Nikampokea. Alikuwa mzito, na baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Akaanza kulia kwa sauti ndogo. Nikangoja, mama yake harudi. Bibi mmoja nyuma yangu akaniambia, "We, si uko na maziwa? Umunyonyeshe, masikini."

Basi nikamnyonyesha, kitenge kikiwa bado kimemfunika. Niamini, nilijua palepale kuna kitu kibaya. Alikuwa na meno. Meno mengi, na ulimi mkavu wenye magamba, na kidevu kilichonichoma kama brashi ya kufulia. Nikafunua kitenge.

Alikuwa mzee! Uso umekunjamana, ndevu za kijivu zimelowa maziwa yangu, ute wa tumbaku unamtiririka pembeni mwa mdomo. Akaniachia, akapiga mbweu yenye harufu ya nyama iliyooza, akasema taratibu kabisa, "Ongeza, mama."

Nikamtupa. Akabiringika ngazi zote za kile kibaraza, akainuka kwa miguu yake mifupi, akafuta mdomo kwa kiganja, akajipenyeza katikati ya miguu ya watu. Mimi nikatapika hapohapo, juu ya viatu vya wenzangu. Yule bibi alikuwa ameona. Alifanya ishara ya msalaba, lakini hakunisogelea. Alirudi nyuma, ameziba pua. Mama wa sabuni sikumwona tena.

Nyumbani mwanangu alininusa, akageuza uso, akalia mpaka akaishiwa sauti. Hakunyonya tena, tulimlea kwa maziwa ya kopo. Nimeoga kwa ndimu, nimeoga kwa majivu, nimeombewa, daktari amenipima haoni kitu. Lakini kila jioni ile harufu ya tumbaku na nyama inanipanda kifuani. Mume wangu anachukua tu mto wake, anaenda kulala sebuleni.

Wewe unayengoja basi jioni, nisikilize: mtu akikupa mtoto umshikie, funua kitenge kwanza, umtazame usoni. Usimwonee haya mama yake.