Chombo cha Kwenda na Kurudi

Harufu ya sabuni ya vyombo ikichanganyika na plastiki ya moto hunirudisha mara moja kwenye nyumba yetu ya kupanga kule New Hope, Marekani, katika majira ya joto nilipokuwa na miaka minane. Kila Jumapili baada ya ibada, Wakenya wenzetu walikuja kula kwetu. Walipoondoka, mama alikusanya zile sahani za plastiki za kutumia na kutupa, akazisugua kwa maji ya moto, kisha akazianika kwenye roshani. Majirani waliziona zimejipanga juani, nami niliona haya kiasi cha kutamani ardhi inimeze. Baba alicheka tu. "Kwa mama yako hakuna kitu cha mara moja," alisema.

Baba alihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee kule Saint Louis Park, lakini roho yake ilikuwa angani. Msimu ule Marekani ilikuwa inastaafisha vyombo vyake vya anga vyenye mabawa, vile vilivyopaa na watu, vikarudi kutua kwa magurudumu kama ndege, vikatengenezwa na kupaa tena. Tuliketi kwenye kochi, yeye akiwa bado na sare ya kazi, tukatazama safari ya mwisho kwenye televisheni. Alinieleza kwamba tangu hapo wanaanga wangepanda kapsuli za Warusi, vyombo vidogo visivyo na mabawa, ambazo hushuka kwa mwavuli zikiwa zimeungua nje, na hazipandi tena. "Hii ina-land, wana-service, inarudi kazini," alisema, kiganja chake kikiteleza juu ya goti. "Hiyo ingine ni trip moja, imeisha. Inawekwa museum watoto waiangalie." Sikuelewa kwa nini mtu mzima ahuzunikie chombo.

Siku za Jumamosi alimpigia simu nyanya, mama yake, kule Kisii. Nyanya hakuwa mtu wa maneno mengi. Baada ya salamu na habari za ng'ombe aliuliza, "Unakuja lini?" Baba akajibu, "Hivi karibuni, mama." Hiyo "hivi karibuni" yao ilikuwa na umri kunizidi mimi.

Kabla shule hazijafunguliwa, nyanya akafariki. Nyumba ikajaa watu wa kanisa, chai ikachemka kutwa, nyimbo za maombolezo zikaimbwa kwa sauti ya chini kwa sababu ya majirani wa juu. Kila aliyeingia alimshika baba mkono, akampa pole, kisha akanong'ona, "Makaratasi bado?" Naye akajibu, "Bado." Hakuna aliyemwuliza atasafiri lini, maana hapa swali hilo haliulizwi mpaka ujue makaratasi ya uhamiaji ya mwenzako yakoje. Mimi sikuijua adabu hiyo. Nilimwuliza mbele ya wote, "Baba, uta-fly lini kumzika nyanya?"

Baba hakunikaripia. Alinivuta karibu, mimi bintiye, akasema polepole, "Mimi nilikuja na ile ya trip moja, mama."

Viza yake ilikuwa imekwisha muda zamani. Angeweza kuondoka siku yoyote, ila asingeruhusiwa kurudi kwetu. Basi akabaki. Alikuwa kifungua mimba, na udongo wa kwanza juu ya jeneza ulikuwa wake kuutupa, lakini alimzika mama yake kupitia kompyuta, picha zikikatika kila mara. Baba mdogo alipoinama kuchota udongo, baba naye aliinua mkono, akaufungua juu ya zulia letu. Haukuwa na kitu. Wageni walipoondoka, mama alikusanya sahani zote akazitia kwenye mfuko wa taka. Hakuosha hata moja.

Siku hizi hata kapsuli hutumika tena. Zinashuka baharini kwa miavuli, zinasafishwa, zinapakia watu wengine. Mdogo wangu, aliyezaliwa baada ya msimu ule, anadhani imekuwa hivyo siku zote. Mwaka jana baba naye alipata makaratasi yake, kichwa kikiwa cheupe. Alikata tiketi ya kwenda na kurudi, akaibusu mbele yetu kama mtoto, akasema atakaa Kisii mpaka achoke. Haukupita muda akatupigia simu kusema kwamba anarudi.

Nilimpokea uwanja wa ndege. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na hakutaka niupanguse. Tukiwa njiani kwa gari, nilimwuliza mbona amefanya haraka hivyo.

"Kwenda nimeenda, na kurudi nimerudi," alisema. "Lakini kule hakuna mtu ameniuliza nitakuja tena lini."