Mbeleko Haikazwi Kabla Mtoto Hajapanda

Enzi zetu, sisi tuliokulia kwenye kambi za mkonge upande wa Kimamba, mtoto alikuwa na uzito wake kijijini, na hapa sisemi kwa mafumbo. Kuna gari lililosimama tena kwa miguu yake kwa sababu tulikuwa na uzito, na kwa sababu tuliketi pale tulipoambiwa tuketi. Nyinyi mliokimbia mchakamchaka alfajiri kwa viatu vya katambuga, vile vya tairi kuukuu, mtanielewa upesi. Wengine nitawaeleza taratibu.

Siku zetu zilikuwa na mpangilio. Asubuhi mchakamchaka, kisha jembe begani kwenda shamba la shule, kisha uji kwenye kopo lenye harufu ya moshi. Mchana wasichana tulicheza rede kwenye uwanja wa karakana ya zamani, na jioni kombolela kati ya mistari ya mkonge, ambako miiba ilimfundisha kila mtu kutazama kabla ya kukimbia. Upepo ulileta ule uchachu wa mkonge uliochakatwa. Honi ya treni ikilia Kimamba, akina mama walijua ni saa ya kubandika sufuria. Mtu mzima yeyote aliweza kukuchapa, na ukifika nyumbani ukachapwa tena kwa kumchosha.

Gari lenyewe liliachwa na meneja wa shamba baada ya shamba kutaifishwa. Kijiji chetu kilipoandikishwa kuwa cha ujamaa, likawa mali yetu sote, pamoja na kuku waliokuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Injini ilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa mbele. Bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu, zilikuwa zimeliwa zikaisha. Springi ya kushoto ilikuwa imechoka. Likisukumwa, gari lilielemea upande mmoja na kupiga kelele za chuma kusugua chuma. Sisi watoto tulilibatiza jina Chechemea.

Neno likaja kutoka Kilosa: kabla ya masika gari lifike mjini kukaguliwa, likitembea lenyewe. Lisipofika, litakokotwa na kupewa kijiji kingine.

Mama alikuwa na mimba kubwa. Mtoto aliyenifuata mimi, Rehema, alizaliwa juu ya mkokoteni, njiani kwenda hospitali ya Kilosa, magurudumu yakiwa yamezama kwenye tope, na hakulia. Jambo hilo halikuzungumzwa nyumbani. Lakini Mwenyekiti alipouliza mkutanoni nani atalitengeneza gari, Baba alisimama. Kazi yake shambani ilikuwa kutia grisi mashine za kuchakata mkonge, na alikuwa hajawahi kufungua gari hata siku moja.

"Mimi," akasema.

Mzee Komba alicheka mpaka akakohoa. Huyu alikuwa fundi wetu wa katambuga, Mngoni wa Songea, na Baba alikuwa Mbena wa Njombe, kwa hiyo walikuwa watani na hakuna aliyeweza kuwaamua.

"Mbena, wewe unachojua kufunga ni mdomo wa kibuyu cha pombe ya ulanzi!"

"Nyamaza, Mngoni. Babu zako walitembea kwa miguu kutoka Afrika ya Kusini. Utalijulia wapi gari?"

Siku ya pili watani hao walikuwa wamelala chini ya gari pamoja, miguu minne nje, wakiendelea kutukanana.

Tatizo la kwanza lilikuwa springi. Springi ya mbele hukaa imebanwa na uzito wa gari. Ukifungua nati za mkono wa chini bila kuizuia, inaruka, na inaweza kumuua mtu. Gereji kubwa zilikuwa na chombo cha kuibania. Sisi hatukuwa nacho. Baba alilizunguka gari, kisha akatazama uwanjani, ambako tulikuwa tukicheza rede.

"Njooni wote," akaita. "Aliyeshiba na asiyeshiba."

Tukapanda. Wakubwa walikaa kwenye boneti, wadogo juu ya bampa, na mimi na rafiki yangu Mwanaidi tukawekwa juu kabisa ya gurudumu la kushoto. Pua ya Chechemea ikashuka, na springi zikajikunja chini yetu. Baba akapenyeza kamba za mkonge kati ya duara na duara, akazisokota kwa kipande cha chuma, akaongeza mnyororo kwa usalama. Kisha akazimwagia maji. Kila mtoto wa kambini alijua kuwa kamba ya mkonge ikilowa hujikaza. "Msicheke," alitukaripia, "mnatikisa!" Hapo ndipo tulipocheka zaidi.

Tulipofukuzwa tukae mbali, na gari likainuliwa kwa jeki, springi zilibaki fupi, zimefungwa kama mzigo wa kuni. Zikatolewa, zikalazwa kwenye shimo mbali na nyumba, zikafunikwa makapi ya mkonge. Kazi yetu ikawa kumwagia yale makapi maji asubuhi na jioni, tukisimama mbali kwa kata ndefu, ili kamba zisikauke na kulegea. Hatukuruka hata zamu moja. Namwomba msomaji asiijaribu njia hii. Naieleza tu jinsi ilivyokuwa.

Bushi mpya zilitoka kwa Mzee Komba. Alichagua tairi kuukuu la trekta, akalikata kwa kisu kilekile cha katambuga, na Baba akatoboa vipande kwa nondo ya moto, moshi mweusi ukitukimbiza. Chini ya springi iliyochoka wakaweka pete nene ya mpira kuinyanyua. Vyuma vikasuguliwa kwa mchanga na mafuta ya taa, vikapakwa grisi. Kila nati ililazwa juu ya gunia kwa mpangilio uleule iliokuwa nao kwenye gari. Mimi nililinda kuku wasilikanyage gunia hilo, na nadhani tabia yangu ya kupenda vitu vikae mahali pake ilianzia hapo.

Vyote vikarudishwa, Baba akakaza kila bolti kwa nguvu zake zote, magurudumu yakiwa bado yananing'inia. Kamba zikakatwa, jeki ikashushwa, kijiji kizima kikasogea kuona.

Pua ya gari ikabaki juu. Lilisukumwa, likalia kama mlango wa ghala, wala halikushuka.

"Limeona nini huko mbinguni?" Mzee Komba akauliza. "Mbena, umetengeneza gari au umetengeneza fisi?"

Watu wakacheka. Baba hakujibu, na kwa mtani kutojibu ni kushindwa. Alipofungua bolti moja alikuta bushi imejipinda na kuanza kuchanika. Aliketi juu ya tairi, mikono imejaa grisi. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya juu ya milima, na hakuna aliyehitaji kumwambia maana yake.

Mama ndiye aliyekuja, taratibu, mkono kiunoni. Aliuliza bolti zilikazwa lini.

"Kabla sijalishusha," Baba akasema. "Magurudumu yakiwa hewani."

"Baba Rehema, mbeleko haikazwi kabla mtoto hajapanda. Ukikaza kwanza, akija kukaa itamkata, na wewe itakukaba. Unamweka mgongoni, anajiweka anavyojiweka, ndipo unakaza."

Baba akazitazama zile bolti. Kisha akasimama.

"Komba! Kata bushi nyingine!"

"Umeshaacha kununa?"

"Kata, Mngoni, nikutengenezee gari la kukurudisha kwenu!"

Safari hii bolti zilitiwa bila kukazwa. Gari likashushwa kwenye magurudumu yake, likiwa juu ya shimo la karakana. Baba akaita tena, nasi tukaja mbio bila kuuliza. Tukakaa kimya ndani ya gari kama abiria wa kweli, mpaka likajiweka lenyewe mahali lilipopenda kukaa. Ndipo Baba akashuka shimoni na spana. Niliisikia kila bolti ikikazwa chini yangu. Tuliposhuka, Chechemea alisimama sawa, kushoto na kulia, na aliposukumwa hakulia hata kidogo.

Asubuhi ya kwenda Kilosa, Mzee Komba alikuja na bakuli la togwa lililojaa mpaka ukingoni.

"Nakaa mbele, hili mapajani. Likinimwagikia, kaptula utaifua wewe, Mbena, mbele za watu."

Dereva alikuwa mzee aliyewahi kumwendesha meneja. Baba alisema watoto wachache waje nyuma, kwa kuwa gari lilikazwa kwa uzito wetu, na mimi sikusubiri kutajwa. Barabara ilikuwa ileile ya mashimo. Lakini gari liliingia shimoni na kutoka kwa upole, kama mtu anayepiga magoti na kuinuka. Tulipofika, mkaguzi alilisukuma pua, akalitikisa gurudumu, akachungulia chini, akagonga muhuri.

Baba akageuka. "Togwa liko wapi?"

Bakuli lilikuwa tupu. Kaptula ya Mzee Komba ilikuwa kavu.

"Limemwagika," akasema.

"Wapi?"

"Tumboni. Barabara imetulia mno, nikashikwa na kiu."

Tulirudi tukiimba, na kijiji kilitupokea reli inapokatiza barabara, kwa vigelegele na matawi. Masika yalipoanza, gari lile lilimpeleka Mama hospitali, na mdogo wangu alizaliwa kitandani. Alilia, Baba akasema, mpaka wagonjwa wa wodi nyingine wakauliza kuna nini. Mzee Komba alimwita Bushi hadi siku anaolewa. Chechemea aliendelea kubeba wagonjwa na mbegu, na mara moja alifika mpaka Mikumi na kurudi na magunia.

Mwezi uliopita nilipeleka gari langu kwa fundi kijana kubadilisha bushi za mbele. Nilimwambia asikaze likiwa hewani. "Najua, mama, hata kwenye simu wameonyesha," akanijibu, na nilifurahi. Akasema ingefaa watu wakae ndani. Nikawaita watoto wa mtaani. Siku hizi wamenona kwa chipsi na wangetosha watatu, ila walikuwa ndani na simu zao, na hakuna aliyetoka.

Basi nikapanda mwenyewe. Uzito ninao wa kutosha sasa. Nilikaa mbele upande wa kushoto, usawa wa gurudumu, nikaacha nafasi ya Mwanaidi, na sikucheka, nisije nikatikisa. Gari likajiweka. Kisha chini yangu nikasikia spana ikikaza.