Mawe ya Sekenke

Kwa miaka kumi na minane Alute alitwanga mawe ya dhahabu Sekenke, vumbi jeupe likimjaa puani. Alikuwa mtu wa kupanda mlima huku anaimba. Mwaka juzi akaanza kuhema. Mwanzoni alihema akipanda, kisha akitembea, na sasa hata kuvaa shati kulimfanya aketi.

Daktari wa mjini alipoangalia picha ya kifua hakumficha. "Mapafu yameshika vumbi la mawe, baba. Halitoki. Kaa nalo mbali, ulinde pumzi iliyobaki."

Alute akabaki nyumbani. Mwaka huo mvua nazo zikakatika mtama ukiwa magotini. Kufikia Septemba kihenge kilikuwa kitupu, na mkewe Loyce akawa anaondoka alfajiri kwenda kuhemea, kutafuta chakula, kama wanawake wengine wa kijiji. Jioni alirudi na unga, kisado au nusu yake. Alute hakuuliza sana. Aliona haya kulishwa kwa miguu ya mkewe.

Jioni moja Loyce aliinama kupuliza moto, akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Alute alikijua. Akasogea, akaona weupe wa vumbi kwenye nyusi za mkewe.

"Unahemea wapi, mama Ritha?"

Loyce aliendelea kuchochea kuni. "Kwenye karasha, kule wanakosaga mawe ya dhahabu. Nagonga mawe, wananipa unga. Ningekuambia ili iweje?"

Alitaka kumkataza. Ugali wa unga ule ule ulikuwa mbele yake, na wote wawili walikuwa na njaa. Wakala.

Asubuhi alimfuata. Njia ya nusu saa ilimchukua saa mbili, akiinama kila mara, mikono magotini. Alipofika kwenye karasha na kidumu cha maji, wanawake wakageuka kumtazama. Hakuwa na pumzi ya kuwasalimu. Aliketi kando ya mkewe, akamwagia mawe maji kabla Loyce hajashusha nyundo.

"Daktari alikukataza," Loyce alinong'ona.

"Alinikataza vumbi." Akahema, akangoja. "Jiwe lililolowa halitimui vumbi."

Vumbi lilitimka kidogo, na wote wawili waliliona. Hata hivyo alikwenda naye kila siku mpaka Desemba, mvua ziliporudi na Loyce akashika jembe.

Kikohozi hakijamwacha Loyce. Akikohoa shambani, Alute huacha anachofanya, akasikiliza.