Mishono Katikati ya Kifua

Jocelyne aliitambua kazi yake kwenye picha ya eksirei kabla hajaambiwa. Ilikuwa picha ya aproni. Pale mionzi ilipozuiwa palikuwa peupe kama maziwa. Na juu ya weupe huo, kuanzia kifuani hadi magotini, zilipita safu za nukta nyeusi, miraba kwa miraba, zimenyooka vizuri. Kila nukta ilikuwa tundu la sindano yake.

Alikuwa fundi cherehani kutoka Bukavu, amepanga chumba mtaa wa La Rochelle, ugenini kusini kabisa mwa bara, na kila siku alipanda teksi hadi Midrand, kwenye karakana ya Kang'ethe, Mkenya aliyeacha kazi ya benki ili atengeneze aproni za kuwakinga watu na mionzi. Hazikuwa zile za zamani za madini ya risasi, zinazovunja mabega. Ndani ya hizi mlikuwa na shuka ya mpira uliochanganywa na unga wa madini mengine, nyepesi, laini. Ulaini huo ndio uliomtesa Jocelyne. Aproni ikitundikwa, shuka iliteleza ndani ya kitambaa chake ikajikusanya tumboni. Basi akafanya kama afanyavyo fundi yeyote wa kwao kwenye koti lenye sufi: akapitisha mishono katikati, isiteleze. Kang'ethe alipoiona alipiga makofi. Hakumwambia kwamba shuka ile haitobolewi popote ila pindoni.

Sasa aliiweka picha mezani.

"Eish, mama Jocelyne. Kuanzia kesho usishone katikati. Pindoni tu, basi."

"Na hizi?" Aproni zilizokamilika zilikuwa zimetundikwa ukutani.

"Hizi zinaenda. Kliniki inazingoja leo mchana. Matundu yenyewe madogo, na uzi umeyajaza."

"Uzi ni pamba, patron. Iko inazuia nini?"

"Wacha maneno mingi. Wanaovaa ni watu wazima."

Hapo damu ilimpanda. Watu wazima! Mwaka jana alimshikilia mjukuu wake aliyevunjika mkono, asitikisike mashine ikipiga picha. Muuguzi alimvika aproni, akamfunga kamba mgongoni, akamwambia uko salama, mama. Naye hakuuliza kitu. Nani huuliza? Unavikwa, unaamini.

Aliikasirikia mikono yake mwenyewe, jinsi ilivyoinyoosha mishono ile kwa majivuno. Lakini mikono yake haikujua. Mwanamume huyu anajua, na picha iko mbele yake.

Akashika mkasi mkubwa. Aproni ya kwanza akaipasua kifuani, toka bega hadi kiunoni.

"We! Mama! Una wazimu?"

"Wazimu ni kuvalisha watu chujio!" Akapasua ya pili.

Kang'ethe akamwita mlinzi wa mlango, Ezéchiel, kijana wa Lubumbashi. Akaingia mbio, akasimama.

"Yaya Jocelyne, kuko nini?" akauliza, akimwita dada mkubwa kama waitanavyo kwao.

"Mtoe huyu mama!" Kang'ethe akafoka.

"Muulize kwanza kama yeye atavaa," Jocelyne akasema. Akatungua aproni nyingine, akamnyooshea Kang'ethe. "Chukua. Vaa. Twende kliniki usimame kando ya mashine kutwa, wewe na mishono yangu."

Kang'ethe hakunyoosha mkono. Aliitazama aproni kama mtu anayetazama chakula kilicholala.

Ezéchiel akaangalia picha mezani, akamwangalia bosi wake. "Vaa basi, patron. Si unasemaka iko nyepesi?"

"Rudi mlangoni!"

"Naenda. Lakini yaya simgusi."

Mkasi ukaingia tena. Mpira ule laini ulikatika bila kelele, na hilo lilizidi kumkasirisha Jocelyne; alitaka ulie.

"Kesho usirudi hapa," Kang'ethe alisema.

"Sirudi," akajibu bila kugeuka, maana ukutani zilikuwa zimebaki tatu.