Mhogo Mchungu na Jibu la Kwanza

Ninyi wenye vidole vyepesi, mtakaosoma haya kwenye simu huku mmelala chali, kaeni kitako kwanza. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, mengine nikayaokota kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo sina maneno makubwa ya kuwachosha. Nina kinyaa tu. Kimenishika mwaka huu na mpaka naandika hapa hakijanitoka.

Mjukuu wangu wa kike yuko kidato cha tatu hapa Kibaha. Naishi nao Mbwawa, kwa mwanangu, ila shamba langu liko Masaki, upande wa Kisarawe, na ndiko unakotoka mhogo tunaokula. Shuleni walipewa projekti ya utafiti. Kila mmoja achague chakula cha kwao, atafute mtandaoni na kwa watu jinsi kinavyoandaliwa mpaka kiwe salama, kisha aandike. Mjukuu wangu akachagua mhogo. Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumatatu moja tukaitwa walezi wa darasa zima. Mwalimu wao, binti ambaye kwa umri ningeweza kumbeba mgongoni, alituamkia mmoja mmoja kisha akatusomea kazi za watoto wetu. Waliochagua mhogo walikuwa kumi na mmoja. Kazi zote kumi na moja zilianza kwa sentensi ileile, zikaisha kwa sentensi ileile, na mwishoni kabisa, kwa mwandiko mzuri wa peni ya bluu, kila mtoto alikuwa ameandika: agiza leo upate punguzo. Walikuwa wamenakili mpaka tangazo la muuza unga.

Walezi wengine walicheka. Mimi kinyaa kikanishika. Ni sawa na kuona mtu ametafuna muwa akatema makapi, mwingine akaokota akatafuna, akatema, wa tatu naye akaokota. Watoto kumi na mmoja wamepokezana makapi, na wa kwangu yumo, tena kaweka jina lake juu na kulipigia mstari.

Ubaya haukuishia hapo. Kazi hizo zilisema mhogo, mhogo wowote, ukichemshwa dakika ishirini unafaa kuliwa. Kwetu Masaki mhogo mchungu hata mbuzi anayejua mambo yake anaukwepa. Ni wa kufanya makopa, yaani unamenywa, unakatwa, unakaushwa, unatwangwa, ndipo unasonga ugali wake tunaouita bada. Chemsha huo dakika ishirini umpe mtoto, halafu uje uniambie.

Mwalimu alisema alama za projekti zinahesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Aliwapa hadi Ijumaa kurudia. Atakayeleta makapi tena atapata sifuri, na sifuri hiyo haifutiki. Akasema atawafundisha upya namna ya kutafuta, mchana wa siku hiyo na wa kesho yake, kwenye chumba cha kompyuta, na mlezi anayetaka akae asikilize. Wenzangu walikuwa na kazi zao. Nikabaki peke yangu, kwenye benchi la nyuma, na mjukuu wangu akaja kuketi kwangu huku ameinamisha kichwa.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "haya uliyoandika uliyasoma?"

"Niliyasoma, bibi."

"Yakafanana na unachokula kila siku?"

Akavuta sketi yake ifike magotini. "Ndiyo yaliyotokea ya kwanza. Kila mtu anachukua ya kwanza."

Nilitaka kumzaba kibao. Sikumzaba, kwa heshima ya mwalimu.

Nikamweleza jambo ambalo nilidhani halina haja ya kuelezwa. Zamani, Masaki mpaka Kurui, kijana akitaka kuposa, mimi ndiye niliyetumwa kuuliza habari za ukoo wa binti. Sikuwahi kuingia nyumba ya kwanza. Nyumba ya kwanza mkeka umeshatandikwa, uji umeshapikwa, mwenyewe anakusubiri kwa tabasamu, na ana lake. Nilikwenda kisimani. Nilikwenda kwa jirani waliyewahi kugombana naye, na kwa yule asiyepata kitu ndoa ikifungwa wala ikivunjika. Kila mmoja nilimuuliza kitu kimoja, kwa jina lake, sio "wale watu wakoje" bali "baba yao alifariki kwa ugonjwa gani." Watatu wasiojuana wakiniambia neno moja, ndipo nilirudi na jibu.

Mwalimu alisikia akacheka, akasema bibi amemmalizia somo. Lakini lake lilikuwa na vifaa. Aliwaonyesha kwamba majibu ya juu mengine yamelipiwa, na kuna kijineno kidogo pembeni kinachosema hivyo, ambacho hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukitazama. Akawakataza kuandika swali zima kama wanamuuliza shangazi. Waandike majina ya kitu chenyewe, mhogo mchungu, sumu, kuloweka, kuanika, na maneno yasiyotakiwa kuachana yafungwe kwa alama za kunukuu. Wakipata ukurasa, kabla ya kusoma waangalie nani ameandika, mwaka gani, na anauza nini. Wajaribu kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza. Mjukuu wangu alipoandika hivyo, yule muuza unga alitoweka, wakaja watu wa kilimo na watu wa afya. Dakika mbili tu. Wiki nzima walikuwa wanakula makapi kwa kukosa subira ya dakika mbili.

Jumatano jioni, nyumbani, akaniletea njia nyingine ya mkato. "Bibi, si unajua kila kitu? Niambie wewe, niandike."

Nikamwambia njia yangu: namenya, nakata vipande, naanika juu ya bati mpaka kipande kikivunjwa kinalia. Basi. Lakini nikamwonya kwamba mimi ni mdomo mmoja. Aende atafute kama wasionijua wanasema hivyohivyo.

Alhamisi alinisomea kazi yake. Ilikuwa nzuri, ilikuwa yake, nikaanza kulegea. Nikalichukua daftari nilishike tu, nione mwandiko. Kidole changu kikapita mahali kwenye ukurasa wa tatu ambapo kifutio kilikuwa kimeichubua karatasi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hakuna kitu, bibi."

"Karatasi imetoka manyoya, unaniambia hakuna kitu."

Nikaweka daftari chini. Ndipo akasema, taratibu, kwamba amekuta imeandikwa mhogo mchungu ukianikwa juani bila kulowekwa au kuvundikwa kwanza, unakauka haraka na sumu inabaki ndani. Na mwaka wa ukame sumu huzidi. Alikuwa amekuta sehemu tatu, za watu wasiojuana.

"Sasa kwa nini umefuta?"

"Ningeandikaje kwamba bibi yangu amekosea?"

Hapo kinyaa kikabadili mwelekeo. Mwaka mmoja wa jua kali, Masaki, wanangu walitapika usiku kucha, wakubwa wakalalamika kizunguzungu, mdogo miguu ikamlegea mpaka asubuhi. Nilisema ni samaki. Nilimfuata mama aliyeniuzia nikamtukana mbele ya wateja wake, na sikuwahi kumwomba radhi mpaka amekufa. Kumbe ni bada nililolipika mwenyewe. Na wala siwezi kusema sikujua. Mama yangu alikuwa akiloweka siku tatu, namwona mpaka leo ameinama kwenye pipa na harufu ile kali. Mimi niliacha kwa sababu kisima kilikuwa mbali. Nikauita uvivu wangu desturi, nikaufundisha nyumba nzima. Nina tofauti gani na mtoto anayechukua jibu la kwanza? Yeye angalau hakuwa na kaburi la kuombea msamaha.

Nikamrudishia kalamu. Nikamwambia aandike kila alichokifuta, na chini yake aandike kwamba bibi yake mzaa baba alikuwa akianika bila kuloweka, na kwamba watoto wake waliumwa. Alilia kidogo. Nikamwambia machozi yataharibu karatasi mara ya pili. Akaandika.

Ijumaa kazi ilipokelewa. Hakuwa wa kwanza darasani. Kulikuwa na kijana aliyeandika vizuri zaidi juu ya samaki wa kukausha. Ila hakupata sifuri, na mwalimu aliweka tiki nyekundu pembeni ya yale maneno yaliyorudishwa.

Jioni ile nikawaita wote sebuleni, mwanangu akiwa bado na vumbi la safari ya kutoka kazini Dar. Stoo kulikuwa na makopa ya mwaka huu, na ninyi mnajua mvua za mwaka huu zilivyokuwa haba. Nilikuwa nimeyaanika mimi mwenyewe, juu ya bati, kwa njia yangu. Mkwe wangu akauliza kwa upole kama hayawezi kusagwa yakachanganywa na mahindi. Nikamtazama mpaka akatazama pembeni.

Nikawaambia: makopa yote yatoke stoo kesho asubuhi, yachimbiwe shimo yafukiwe, kuku wasidonoe hata kipande, na kuanzia sasa mhogo mchungu utalala kwenye maji siku tatu kabla ya kuona jua, na asiyetaka kuchota maji hayo asikae mezani.