Kiti cha Wanafunzi wa Mama

Mama yangu, Katunge, hufundisha watoto wa watu kila Jumamosi hapa kwetu Mukuyuni. Harudii nao masomo ya shule. Anatafuta kila mtoto hushika mambo kwa njia gani, halafu anamwonyesha asome hivyo. Siku ya kwanza hataki kuona kitabu. Anamketisha mtoto kwa kiti cha mbao, chini ya dirisha la jikoni, anamwambia, "Nionyeshe kitu unakijua vizuri kabisa."

Mwau alimwonyesha kurudisha cheni ya baiskeli. Mama akainamisha kichwa upande, kama mtu anasikiliza redio iko mbali. "Ulijuaje, mwana wakwa?"

"Niliifungua nikaiharibu, Ticha. Mpaka ikakubali."

Basi siku hizi Mwau husoma hesabu kwa maharagwe na vifuniko vya soda, anapanga, anabomoa, na mama yake anamsifu kanisani mpaka watu wanageuka. Wanjiro yeye lazima aimbe. Hata sayansi anaiimba.

Mimi huwa jikoni. Nawapikia chai ya maziwa, yangu nakunywa ya rangi. Niliacha shule gredi ya nne. Zilifungwa wakati wa korona, Mama akiwa kazini Kitui na mimi kwa susu, nyanya yangu. Zilipofunguliwa, mbuzi walikuwa wamenizoea. Hakuna mtu aliniuliza mimi hushikaje. Na hilo neno mwana wakwa, mtoto wangu, silisikii. Mimi huitwa Ndunge tu.

Jumamosi iliyopita nilitangulia kukalia kile kiti. Mama akatoka na maharagwe kwa ungo.

"Hapo ni pa Mwau."

"Najua."

"Chai imemwagika?"

"Haijamwagika. Niulize."

Akanitazama. Akaweka ungo chini. "Haya. Nionyeshe kitu unakijua vizuri."

Nikainamisha kichwa upande. Nikabana leso kwa magoti vile yeye hubana, nikasema polepole, "Usiogope kukosa, mwana wakwa. Kosa ni mgeni. Mkaribishe, umuulize ametoka wapi." Nikamgonga goti na kidole kimoja, vile huwagonga.

Mama akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Ulijuaje?"

"Kwa dirisha."

Mwau akaegesha baiskeli. "Ticha, nimefika."

Mama hakugeuka. "Pitia jikoni ujimiminie chai," akamwambia. "Kiti kina mtu."

"Ile ya rangi," nikaongeza.