Kipa Aliyejificha Ndani ya Nyungu

Saa moja kasoro robo asubuhi, Boko. Atuganile Mwandambo kaingia kwenye banda la kuku, kapindua ndoo, kaikalia, simu sikioni. Jogoo anawika karibu ampasue masikio. Yeye wala.

"Hapa ndo mtandao unakamata," anasema, kaziba simu kwa kiganja. "Ndani ukishasema 'habari yako' tu, inakata. Wachezaji wameshanizoea. Wananiita Dokta Kuku."

Sio daktari. Ni mshauri nasaha, ana miaka thelathini na nane, na siku tatu kwa wiki yupo zahanati. Tangu Machi, michezo iliposimamishwa kwa ajili ya korona, siku zinazobaki anaongea kwa simu na wachezaji kumi na mmoja, wa Kimara, Bunju, mpaka Mbagala huko. Wengi hajawahi hata kuwaona. Hawamlipi, na bando anaweka mwenyewe.

"Mchezaji ukimfungia nyumbani anakuwaga kama jenereta limewashwa halafu halina taa ya kuwasha," anasema. "Linanguruma tu, linajichosha."

Asubuhi hii yupo na Mwanakombo Jamali, miaka ishirini na mbili, kipa wa Kilungule Queens, timu ya wanawake ya Mbagala. Mazoezi yanafunguliwa leo saa kumi jioni. Mwanakombo ana mawili: aingie golini, au amrudishie kocha glavu na mpira uwe basi.

Ishu yenyewe ni goli moja. Mechi ya mwisho kabla ya korona, dakika ya themanini na nane, mpira wa taratibu kabisa ukampita katikati ya miguu. Mtu akarekodi. Video ikazunguka kwenye magrupu mpaka shangazi zake wakaiona. Siku tatu baadaye, michezo ikafungwa.

"Kipa akifungwa goli la kijinga, wiki ijayo anadaka, watu wanasahau," anasema Atuganile. "Huyu wiki ijayo hakuipata. Kakaa na goli lilelile karibu miezi mitatu."

Sasa, kuliongelea ndo kazi. Mwanakombo analala chumba kimoja na wadogo zake wawili, nyumba ya wapangaji saba. Akishika simu, ua mzima una masikio. Wiki mbili za mwanzo jibu lake lilikuwa moja tu: "Niko poa, sista."

"Nikamwambia, mdogo wangu, tafuta pa kujificha tuongee. Basi. Mengine kaja nayo mwenyewe."

Alichokuja nacho ni nyungu. Kipindi kile mtaa wote unajifukiza kukimbiza korona: sufuria la maji ya moto na majani, blanketi juu. Na mtu akiwa kwenye nyungu hasemeshwi, hatumwi dukani. Mwanakombo akajaza sufuria maji ya bomba, baridi kabisa, akaenda kona ya uani, akajifunika na simu yake. Nusu saa kila wanapoongea. Wapangaji walimsikia ananong'ona, wakajua anaomba dua.

Mpaka siku mama mwenye nyumba, Mama Marselino, alipopita akaligusa lile sufuria.

"Baridi!" anasimulia, mkono kiunoni, anacheka. "Nikasema, huyu mtoto atapona nini na maji ya kuoga? Nikamletea la kwangu linatokota, michaichai, mwarobaini, ndimu. Nikamsukumizia humohumo."

Kule Boko, Atuganile akasikia "Mamaaa!", kikohozi, halafu kimya. "Nikajua leo nimempoteza mtu."

Blanketi likafunuliwa. Mwanakombo, jasho tupu, simu mkononi.

"Kumbe unaongea na mwanaume!"

"Shikamoo mama. Hapana, naongea na mshauri."

"Marahaba. Anakushauri nini humo ndani?"

Ikabidi aseme yote, na video aioneshe. Mama Marselino akaiangalia mara mbili.

"Ndo hili? Mie nilidhani umeua mtu!"

Kuanzia siku hiyo blanketi likarudi kitandani. Mama Marselino mwenyewe alikuwa anaweka kigoda pale konani, anayesogea anafukuzwa. "Ondokeni, yupo na daktari wake!"

Leo bandani Atuganile hamwambii aingie golini wala asiingie. Anamuuliza kimoja.

"Ukifungwa leo, utafanyaje?"

Kuku wanaparua.

"Sijui, sista."

"Haya, hilo jibu la kweli. Kanywe chai."

Saa kumi na robo, Mbagala, vumbi limesimama. Mwanakombo kavaa glavu ila kasimama nje ya uwanja. Kocha Deogratias anamuona, anageuka pembeni makusudi. Wenzake wanapasha. Goli lipo tupu. Dakika zinaenda, halafu mguu mmoja unavuka mstari, na wa pili.

Shuti la nne linakuja la kizembe. Katikati ya miguu. Tena!

Kila mtu anaangalia chini, mpaka beki wake, Lusungu, anashindwa kujizuia.

"Kipa, funga geti basi, wezi wanaingia!"

Mwanakombo anauokota mpira. Mabega yanatikisika. Analia? Anacheka! Anacheka mpaka anakaa chini kwenye vumbi, na timu nzima inaangua naye. Kisha anasimama, anaurusha mpira katikati.

"Mnaniangalia nini? Twendeni!"

Mashuti sita yanayofuata, anadaka yote.

Jua likizama simu inaita Boko. "Sista! Nimefungwa lingine, lilelile!"

"Hongera," Atuganile anamjibu. "Sasa lile la Machi limeshakuwa la zamani."

Plani yake ni kila timu iwe na mchezaji mmoja anayejua kumsikiliza mwenzake, maana yeye peke yake hawezi kuwa masikio ya Dar nzima. Jumamosi anaenda Mbagala kuanza na Kilungule Queens. Ndo mara ya kwanza ataonana na Mwanakombo uso kwa uso.

"Kaniambia nije na raba," anasema. "Eti penalti kumi, yeye anapiga, mie ndo nakaa golini. Nami nimekubali."